Nyumba Iliyouzwa Bila Hewa

Medellín, Februari 11, 1990

Mdogo wangu Nevardo,

Naomba karatasi hii ikukute mzima, mgongo umepoa, na joto la Maracaibo halijakuyeyusha kwenye hizo ngazi za ujenzi. Mimi nipo. Goti la kushoto linalia nikipanda, na huku kwetu kila mahali ni kupanda, basi unaelewa. Bikira wa Karmeli ananiangalia. Nimemwomba na wewe akuangalie, ingawa najua misa huendi.

Mdogo wangu, nimepata nyumba.

Nimechoka kupanga. Tangu nimzike Arnulfo nimehama kama paka. Mwenye nyumba wangu wa sasa amemweka mpwa wake chumba cha mbele, na huyo mpwa analala na bunduki kwenye chaga. Nikishona, namsikia akiisafisha. Nataka mlango ambao ufunguo wake ninao mimi peke yangu kabla sijafa.

Hiyo nyumba iko kule juu mabasi yanapogeuzia, ukivuka ngazi za kanisa. Vyumba viwili, jiko, choo chake, na juu si mabati, ni zege. Anayeiuza ni Mzee Braulio Tangarife. Ameijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, tangu mke wake yuko hai. Anauza kwa sababu Januari walimpiga risasi mwanawe wa mwisho pale mlangoni, kijana anarudi na mkate mkononi. Matundu bado yako ukutani. Mzee ameyaziba kwa dawa ya meno.

Nikamwambia, "Mzee, dawa ya meno kweli?"

Akasema, "Mama, saruji ninayo. Nguvu ya kuichanganya ndiyo sina."

Usinifokee kwamba nyumba ina damu. Isiyo na damu mtu wa cherehani kama mimi haipati. Zile safi zina bei ya watu safi.

Wanadamu najua kuwachunguza, hilo hunifundishi. Nimekaa dukani nikinunua uzi ambao sikuuhitaji, nikasikia nani anagombana na nani. Nimekunywa maji ya sukari guru kwa jirani wa ukuta mmoja, Rosmira, ambaye mume wake Gildardo anatembeza arepa za moto, mikate yake ya mahindi. Rosmira amenipenda. Kaniambia, "Ukinunua, siku hiyo hiyo tundika pazia na uwashe jiko. Nyumba isiyo na pazia, Kufuli anaihesabu yake." Kufuli ndiye mwenye mtaa. Mama yake alimbatiza Fabio. Jina hilo la pili kalipata kwa kufungia nyumba za watu waliokimbia na kuweka watu wake ndani.

Lakini kuta sizijui. Wewe umekuwa fundi mwashi tangu ndevu hazijaota. Niambie mtu anatazama nini. Mzee Braulio anataka jibu kabla ya Juma Kuu.

Dada yako,
Otilia

*

Maracaibo, Machi 4, 1990

Dada yangu Otilia,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, na nimefurahi kusikia goti ndilo linalolalamika na si moyo. Mimi mzima, mgongo unaniruhusu. Ijumaa nilipita kanisani. Nilikuwa napaka lipu, lakini nilipita.

Sasa nisikilize, na usisaini kitu kabla hujamaliza barua hii.

Nenda kuiona mvua inanyesha. Nyumba mchana wa jua ni kama bwana harusi, kila mtu anapendeza. Gonga lipu kwa vidole vya mkono, ikilia kama ngoma chini yake kuna uwazi. Harufu ya jiko isikuzuzue, nusa pembe za chini, kwenye sakafu, utajua kama maji ya mlima yanapita chini ya nyumba. Uliza maji ya kunywa yanatoka bomba la nani, na jirani akikukasirikia anaweza kuyafunga au hawezi. Uliza choo kinamwaga wapi. Tazama mlango wa mbele, halafu tafuta wa nyuma. Huko kwetu usinunue nyumba yenye mlango mmoja.

Kisha panda juu ya zege. Ziba mdomo wa mfereji, mwaga ndoo za maji hadi yatuame, ushuke ukanywe kahawa, halafu tazama dari. Zege zuri linamwagwa siku moja, tangu asubuhi hadi limekwisha, ndiyo maana mtaa mzima unaitwa na ndoo na sufuria ya supu. Likikatizwa likamaliziwa kesho, la jana na la leo hayashikani. Unabaki mshono. Mshono unavuja, na siku ukiubebesha mzigo unafunguka.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Hewa ni ya nani? Unajua desturi yetu: mtu anakuuzia nyumba, anabaki na hewa iliyo juu yake, kesho anamuuzia mwingine aje ajenge juu ya kichwa chako. Mwulize Mzee Braulio mbele ya Rosmira na mbele ya mwenye duka. Aseme kwa mdomo wake: nyumba pamoja na hewa yake. Asiposema, usinunue. Hata akulilie.

Nampa Ovidio wa lori barua hii, itafika kabla ya Jumapili ya Matawi.

Mdogo wako,
Nevardo

*

Medellín, Aprili 29, 1990

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na mkono wa Mungu uwe juu yako. Mimi mzima na ninalala kwangu. Soma tena: kwangu.

Barua yako imeingia wiki iliyopita tu. Ovidio alisimamishwa njiani na watu wa msituni, wakamshusha, wakalichoma lori na mzigo wake wote. Mwenzake aliyebisha walimpiga risasi ya tumbo pale barabarani. Ovidio katoka na nguo za mwilini na mfuko wa barua, nyusi zimeungua. Nilimwekea maharagwe. Kijiko kilikuwa kinamgonga meno.

Basi nimeshanunua. Nilisaini Jumatano ya Juma Kuu.

Niliposoma barua yako nilivaa viatu nikashuka hadi kwa binti yake Mzee Braulio, anakoishi sasa. Nikamwuliza, Mzee, na hewa? Akashangaa kweli kweli. "Mama Otilia, hewa ni yangu. Nilidhani unajua. Hewa namwekea binti yangu." Kisha akaniona uso, akasema, "Lakini binti hataki kurudi kule alikokufa ndugu yake. Nipe muda. Mwaka huu huu nitakuuzia wewe, si mwingine." Nimemwamini. Ni mtu wa rozari.

Maji niliyamwaga kama ulivyosema. Rosmira alinisaidia kubeba, tukacheka sana, wanawake wawili juu ya paa na ndoo kama tunaoga mawinguni. Tuliposhuka tukaacha kucheka. Kuna mstari, Nevardo. Unapita katikati ya chumba kikubwa, kutoka ukuta wa mlango hadi jikoni, pale pale nilipoweka cherehani. Maji yakawa yanadondoka kwa mstari kama shanga.

Nilimwuliza Mzee. Akasema siku ya kumwaga zege walikuja watu wengi, supu inachemka, muziki, ndoo zinapita mkono kwa mkono. Walipofika nusu, watu wa ng'ambo ya korongo wakaanza kufyatua. Mtu aliyekuwa anasawazisha zege akaanguka kifudifudi ndani yake. Walimtoa, wakakimbia. Walirudi kesho yake kumalizia. "Na pale alipoanguka," Mzee akaniambia, "tulisawazisha juu yake tu, kwa haraka. Saruji ilikuwa nyekundu kama udongo wa shamba."

Padri amekuja kubariki. Nilimwomba aurushie huo mstari maji ya baraka mara ya pili. Niambie nifanye nini.

Dada yako mwenye nyumba,
Otilia

*

Maracaibo, Mei 20, 1990

Dada,

Nimekukumbatia kwa mbali na nimekukasirikia kwa mbali. Afya yangu nzuri, mengine tutaongea nikija.

Nunua hiyo hewa sasa. Uza pete, uza kitanda changu kilichobaki kwa shangazi, sijali.

Na hili fanya wiki hii. Tafuta mirunda, miti minyoofu iliyokauka vizuri, minene kama paja lako. Isimamishe chini ya mshono, tangu mlangoni hadi jikoni, kila mmoja juu yake ubao, chini yake ubao. Ikaze kwa kabari, gonga hadi mti ulie sauti nyembamba. Kila Jumapili ukitoka misa igonge tena, maana mti unasinyaa. Chumba kitakuwa kibaya, utapita kama unapita msituni. Vumilia. Mirunda ile ikiwapo, zege linabaki. Usiiondoe kamwe kama kuna uzito juu.

Mimi nitakuja Desemba niingize boriti ya chuma.

Mdogo wako,
Nevardo

*

Medellín, Agosti 19, 1990

Nevardo, mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Usinitafutie habari za afya, mwili mzima, mengine soma.

Mirunda niliisimamisha. Gildardo ndiye aliyeipandisha begani kutoka barabarani, kati ya vikapu vyake vya arepa, hakutaka nimpe hata soda. Ililia kama ulivyosema, wa katikati kuliko yote, ule unaotazamana na dirisha niliokaza kwa kabari ya mpera. Nikawa nimetundika nguo za watu kwenye misumari ya miti yenyewe, msitu wangu ukawa kabati.

Mzee Braulio alikuja Alhamisi ya tarehe mbili mwezi huu, mchana kweupe, kavaa kofia ya kwenda misa. Alikuja kuniuzia hewa. Rosmira na mwenye duka walishaitwa. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi yangu, ameshasema "habari za hapa," Kufuli akatokea nyuma yake na vijana wake. Alikuwa ameitaka hewa hiyo tangu zamani, kwa sababu ukiwa juu yangu unaona korongo lote na barabara ya basi.

Alimwambia, "Mzee, nilikuomba kwa adabu."

Mzee akamwambia, "Na mimi nilikukatalia kwa adabu."

Wakampiga risasi ya uso. Sikuwa mbali, Nevardo, kofia iligonga sketi yangu. Alianguka kwa mbele, akalala na kichwa kwenye kizingiti changu, pale pale alipolala mwanawe. Mguu wake mmoja ulikuwa bado unapanda ngazi. Damu ikaingia hadi kwenye mirunda ya kwanza. Nilipiga magoti nikamsemea Baba Yetu sikioni, sikio lililobaki.

Askari walikuja kuchukua maiti, wakauliza nani kaona. Mtaa mzima ukajibu kwamba ulikuwa chooni. Hata mimi nilikuwa chooni.

Jioni ile ile Kufuli akaja na mkate. Kwake huo ndio ustaarabu.

"Mama Otilia, pole kwa mgeni wako."

"Hakuwa mgeni. Nyumba hii kaijenga yeye."

"Na hewa?"

"Hewa alikuja kuniuzia mimi."

"Basi kafa nayo mfukoni. Mimi nimeirithi."

Nikamwita kwa jina la ubatizo. "Fabio, mwanangu, zege hili limemwagwa siku mbili. Lina mshono. Halitabeba nyumba."

Akaizunguka mirunda, akaipiga makofi kama mtu anayepiga shingo za farasi. Akawageukia wenzake. "Mnamwona huyu mama? Anajenga msitu ndani ya nyumba! Tutamwita Tarzani." Wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha akaniambia kwa upole, "Wewe tushikilie sisi kwa chini, sisi tutakushikilia wewe kwa juu. Hakuna atakayekugusa."

Wamejenga kwa wiki moja. Tofali bila nondo. Kuzunguka kuta wamepanga viroba vya mchanga hadi kifuani, vya kuzuia risasi. Na tanki la maji. Nikilala nasikia viatu vyao.

Dada yako,
Otilia

*

Maracaibo, Septemba 9, 1990

Dada yangu,

Sijui kama u mzima, ndiyo salamu yangu ya leo.

Toka. Acha masufuria, acha cherehani, chukua Bikira wako na nguo. Mchanga mkavu ni mzito, mchanga uliolowa ni mzito maradufu, na mvua za Oktoba ziko njiani. Zege la nusu kwa nusu na jengo juu yake, wanaume wanatembea, tanki la maji! Kinachokutenganisha na kaburi ni ile miti.

Nyumba ni zege na nondo, Otilia. Mimi nimejenga nyumba nyingi za watu, hakuna hata moja inayonijua jina. Njoo huku, nina chumba.

Au niambie nije.

Mdogo wako,
Nevardo

*

Medellín, Novemba 18, 1990

Mdogo wangu,

Mungu akulinde. Usije. Mwanaume anayetoka mbali na begi hapa hafiki kanisani, wanadhani katumwa.

Na mimi sitoki. Nikitoka asubuhi, mchana watakuwa wameingia na chini. Mlango wangu wa nyuma unapakana na wa Rosmira. Watapita wapi wanawake wa ngazi hii, wale wakikaa pande zote? Na niende wapi? Kwako nitakuwa mpangaji tena, samahani, hata wa mdogo wangu. Ndivyo nilivyokuwa najibu kichwani kila siku. Sasa nina sababu nyingine, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Mkono ulikuwa unakataa.

Jumamosi ya tarehe kumi walimchukua Gildardo. Kila siku anavuka korongo kuuza arepa upande wa pili, wakasema anabeba maneno. Gildardo! Mtu ambaye hata bei ya arepa zake anasahau. Walimpandisha juu mchana, jua kali, watoto wakicheza mpira barabarani. Alipopita mlangoni kwangu akanisalimia, "Mama Otilia, nimekuwekea mbili za jibini kwa Rosmira." Akidhani anaenda kuulizwa na kurudi.

Nilikuwa nashona gauni la komunyo ya kwanza, la mjukuu wa mwenye duka. Nilimsikia. Kwanza maneno, halafu si maneno. Waliweka muziki, lakini kati ya wimbo na wimbo kuna nafasi, na kwenye nafasi ile nilimsikia akimwita mama yake aliyekwisha kufa. Kitu kizito kikawa kinaanguka sakafuni kwao na vumbi linamwagika kwangu. Kisha tone likaanguka begani kwa gauni. Nikafikiri tanki limepasuka. Likaanguka la pili, likatanuka kwenye kitambaa cheupe kama ua.

Lilifuata mshono, Nevardo. Shanga zile zile.

Nilisogeza cherehani. Niliweka beseni la kuoshea mchele. Sikujua nifanye nini kingine, mwanamke akiona kinavuja anaweka beseni. Rosmira akaingia kwa mlango wa nyuma, ananiuliza kama nimemwona Gildardo, chakula kinapoa. Akalitazama beseni.

"Nini hicho, jirani?"

"Maji ya mvua."

Akatazama mlango ulivyojaa jua. "Mvua haijanyesha," akasema. Akakaa chini kati ya mirunda, akalishika beseni kwa mikono miwili, akawa analishikilia pale chini ya mshono mpaka kukaacha kudondoka.

Walimtupa korongoni asubuhi. Tulimwosha mimi na yeye. Habari za vidole vyake sitakuandikia.

Jumatatu Kufuli akashuka. Kaniletea kitambaa kipya, cheupe kuliko cha kwanza, kimefungwa vizuri kwenye karatasi. Kasikia gauni limeharibika. Aliniomba radhi, mdogo wangu. Kwa gauni.

Nimefunga siku nyingi na nimesali. Sikupata jibu nililolitaka, basi nakuuliza wewe uliye fundi. Kati ya mirunda yangu yote, ni upi unaobeba zaidi?

Usipotaka, usinijibu.

Dada yako,
Otilia

*

Maracaibo, Desemba 2, 1990

Dada yangu Otilia,

Mikono yangu ni mizima, ndiyo nitakayosema kuhusu afya. Nimemlilia Gildardo ambaye sikumjua.

Swali lako silijibu. Tangu kijana wa kubeba ndoo nilijiapiza sitaangusha zege juu ya kichwa cha mtu, na wewe ndiwe uliyenipeleka kipaimara, usinifanye nivunje.

Ila nakukataza hili, na ulishike. Mti ule wa katikati, unaotazamana na dirisha, wenye kabari ya mpera, mtu yeyote asiuguse. Mwingine ukitikisika utagonga tena. Huo usiguswe, hasa baada ya mvua ya siku nyingi, hasa watu wakiwa wengi juu.

Nakuombea. Hata mimi.

Mdogo wako,
Nevardo

*

Medellín, Januari 27, 1991

Mdogo wangu Nevardo,

Amani ya Bwana ikufikie hapo ulipo, na usiku ulale. Mimi ni mzima. Nina mkwaruzo wa tofali kwenye paji la uso na vidole vinaniuma, nitakueleza kwa nini vidole.

Ulitimiza kiapo chako. Ulinikataza tu. Na mimi niliutunza ule wa katikati. Kila nilipopita niliugusa, nikautoa mkono. Usiku nalala nimeutazama. Mkono wangu haukuwa na nguvu ya kabari, nakuapia. Nilishajiambia nimeshindwa.

Siku ya kwanza ya novena, zile siku tisa za sala kabla ya Krismasi, Kufuli alinunua nguruwe mmoja wa kulisha mtaa mzima. Walimchinja hapo hapo chini ya ngazi, analia kama mtu, watoto wanaziba masikio na kucheka. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kuni zimelowa, majani ya kumchomea manyoya hayashiki, sufuria kubwa imekaa juu ya moshi. Kufuli akaingia kwangu na wenzake wawili, mafuta mikononi, wamechangamka.

"Mama Tarzani, tuokoe. Tunakufa njaa na nguruwe tunaye."

"Nisaidie nini, Fabio?"

"Kuni kavu. Zote hizi za nini?" Akaipiga makofi mirunda.

Nilimwambia mwezi Agosti. Nilimwambia tena Oktoba, mbele ya watu, kwamba hii ndiyo inayowashikilia. Alijua, na alisahau, kwa sababu aliyesema ni mama mwenye cherehani. Ulimi wangu ulikuwa unaweza kumkumbusha. Badala yake nikamwuliza kitu kingine.

"Huko juu kuna mtu asiye wa kwenu?"

"Hakuna, mama. Leo sikukuu, leo tumepumzika."

Nikasema, "Chukueni."

Neno moja, Nevardo. Ule wa katikati aliung'oa mwenyewe. Kabari ilikataa, akaipiga teke, akaniambia, "Huu umeukaza kama unamfunga mume!" Tulicheka wote wawili. Alipotoka akamgusa Bikira wa Karmeli miguuni, akajibusu vidole.

Moto ulishika vizuri. Waliniletea sahani yangu ya nyama iliyokaangwa, ngozi inalia. Niliweka mezani. Nikamchukua Bikira chini ya shali, nikampitia Rosmira, nikamwambia twende tuwahi novena. Cherehani niliiacha. Ningeitoa, wangeona ninahama.

Rosmira alichungulia ndani akaona chumba kimekuwa cheupe na kikubwa. "Jirani, miti yako iko wapi?"

"Waliomba kuni."

Alinishika mkono hadi kanisani.

Wao walipanda na sufuria juu, na muziki, na wasichana hawakupanda kwa sababu ya mvua, namshukuru Mungu kwa mvua ile. Wakaanza kucheza. Tulikuwa tunaimba. Haikuwa sauti kubwa kama nilivyofikiri. Ilikuwa kama gari la mchanga linapomwaga, halafu kimya, halafu mbwa wote wa mlima.

Zege lilikuwa limekunjika katikati kama kitabu. Viroba, tofali, tanki, wote walishuka kwenye chumba changu. Mmoja alikatwa na ukingo wa zege kiunoni, nusu yake ilikuwa imekaa barazani. Nyama ya nguruwe na nyama yao huwezi kuitenganisha. Kwenye dirisha, chini ya kipande cha zege, mkono ulikuwa umetokea, na ndani yake sauti ya Kufuli.

"Mama Otilia. Mama, umepona wewe?"

Aliniuliza mimi kama nimepona.

Nilikaa kwenye matofali nikaushika. Alinibana vidole hivi vinavyoniuma. Nilimwambia nimepona. Nikamwambia atubu, nikamsemea maneno ya kutubu, akayafuata hadi karibu na mwisho. Rosmira alikuwa amesimama nyuma yangu na hakunisaidia kusali, wala hakunizuia. Mkono ulipolegea, yeye ndiye aliyenivuta nikainuka.

Basi nyumba niliyoitaka kuliko kitu, niliiuza kwa neno moja. Na cherehani ilibaki humo humo.

Binti yake Mzee Braulio alikuja kuona. Akasimama barabarani, mbele ya mwenye duka na Rosmira na wote, akasema kwa sauti, "Hewa ya baba yangu nampa Mama Otilia." Akaondoka bila kuingia.

Jumapili baada ya Krismasi nilikuwa nakusanya tofali nzima peke yangu. Nikageuka nikaona Rosmira anapanda na sufuria ya supu kichwani. Nyuma yake wanawake na ndoo, nyuma yao wanaume na machepeo, hata Ovidio na nyusi zake zilizoota upya. Sikumwita mtu. Tulisafisha wiki mbili, tukasimamisha kuta, tukaweka nondo kama ulivyozoea kunifundisha, na Jumapili iliyopita tukamwaga. Mkono kwa mkono kutoka barabarani, nyimbo, matusi, mtu anamwambia mwenzake, "Pitisha ndoo, umeikumbatia kama mchumba!"

Mchana watu wa ng'ambo wakaanza kufyatua. Wanautaka mlima sasa kwa kuwa Kufuli hayupo. Risasi zikawa zinapita juu, moja ikapiga ndoo mikononi mwa mwenye duka. Mstari ukasimama. Mimi nikawaza, hapa ndipo mshono utakapokuwa. Rosmira akaiweka chini ile iliyotoboka, akaokota nyingine, akasema, "Kichwa chini, jamani, zege halingoji mtu." Hakuna aliyekimbia. Tulimwaga tukiwa tumepiga magoti. Mtu mmoja alipigwa mkononi, akafungwa kwa kitambaa akaendelea na mkono mwingine. Jua linazama tumemaliza, kipande kimoja, ukuta hadi ukuta.

Sasa nina msitu tena chini yake hadi ukomae. Niambie lini niiondoe miti. Safari hii nijibu.

Jana ilinyesha sana. Padri alikuja kubariki. Alinikuta nimekaa katikati ya mirunda na beseni lile, tulilolikuta kwenye kifusi, mapajani, nasikiliza. Alikaa nami. Yeye si mjinga, ameshasikia maungamo ya watu wote wa ngazi hii. Akasema polepole, "Otilia, mwanangu, kuna jambo ungependa kuniambia?"

Nikatazama juu kwenye zege, pale ulipokuwa ule mstari, mlangoni hadi jikoni.

Nikamwambia, "Padri, halivuji."

Dada yako,
Otilia